Nguruwe wa Matanga

Ilionò Mondezi wa kijiji cha mlimani cha Fon Zaboka alikiandaa kifo chake mapema, kama mtu anayefunga mizigo ya sokoni tangu jioni. Jeneza lilikuwa darini, la mbao nyekundu alizopasua mwenyewe wakati milima ingali na miti, na ndani yake mkewe Sidoni aliweka maharage ya mbegu ili panya wasiyafikie. Shati jeupe lilikunjwa sandukuni. Na nyuma ya jiko, chini ya mshelisheli, alifungwa nguruwe dume mwenye mabaka ambaye alikuwa na kazi moja tu duniani: kuliwa siku ya matanga.

Hakuwa nguruwe mweusi wa zamani. Wale weusi walijitafutia chakula vichakani na hawakumsumbua mtu, lakini waliuawa wote kwa amri ya serikali Ilionò akiwa kijana, ati wana homa, na hakuna aliyewarudisha. Huyu alikuwa chotara wa wale wa kigeni, mlafi, mwenye kutaka kupikiwa. Hata hivyo alikuwa mkubwa, naye Ilionò alimtazama kila asubuhi kwa utulivu wa mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Kwetu maiti asiyelisha watu huzikwa na wachache, tena upesi upesi.

Kwa miaka arobaini Ilionò alikuwa manju wa ujima. Mtu mwenye shamba alituma neno, naye Ilionò alfajiri akapanda juu ya jabali na kupuliza baragumu lake la kombe la bahari, na kabla umande haujakauka watu thelathini au arobaini walikuwa wamesimama mstari mmoja na majembe. Ngoma ilikaa nyuma. Ilionò alitembea mbele akiimba, na nyimbo alizitunga papo hapo. Alimtaja mvivu kwa jina. Alimtaja aliyempiga mkewe jana. Mwaka mmoja alimtaja hata katekista aliyesinzia kwenye ibada yake mwenyewe. Sheria ilikuwa kwamba aliyetajwa hakasiriki. Hujibu kwa jembe.

Mwenye shamba yeye hakugusa jembe siku hiyo. Kazi yake ilikuwa chungu: apike, apakue, amimine gongo ya miwa kidogo kidogo, asimsahau mtu. Na kila aliyemlimia, alimdai siku moja ya kumlimia na yeye. Siku hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa vichwani mwa watu, na watu wakati huo walikuwa na vichwa.

Kisha kikaja kimbunga kile kikubwa. Kilichukua mapaa, mishelisheli, mbuzi, na mto ukahamia kwenye bustani za watu. Padri alileta shirika la misaada la maaskofu wa ng'ambo, ambalo kila mtu aliliita Shirika tu, likafungua ofisi kwenye ukumbi wa parokia. Lilileta maturubai, mchele, na dawa ya kuhara, na watoto hawakufa. Hilo lisemwe kwanza, kwa kuwa ni kweli. Halafu likawaajiri watu kuondoa matope barabarani na kujenga kuta za mawe mlimani, kila mmoja na kizibao cha njano, jina likiitwa kwenye orodha asubuhi na ujira ukitolewa Ijumaa. Kazi hiyo ilidumu miezi kumi na minne, kisha vizibao vikaisha.

Msimu wa kupanda uliofuata, Ilionò alipuliza baragumu kwa ajili ya mjane mmoja wa bondeni. Walikuja watu saba. Kijana mmoja akasimama katikati ya shamba, akaangalia huku na huku, akauliza orodha iko wapi. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza choo kiko upande gani. Ilionò hakumtungia wimbo. Alirudi nyumbani, akalichomeka baragumu kwenye makuti ya paa, juu ya jeneza, na kwa miaka sita hakuligusa.

Ndiyo maana siku bibi shamba wa Shirika, msichana aitwaye Mirlande, alipofika uani kwake kwa pikipiki, Ilionò alimpa kiti na kahawa lakini hakumpa uso. Mirlande alieleza taratibu. Shirika lingeleta maji ya chemchemi ya juu hadi kwenye kigango. Mabomba yapo, saruji ipo, mafundi wapo. Ila wakubwa wa ng'ambo wamebadili mwendo: hakuna tena ujira wa kuchimba, mtaro lazima uchimbwe na wananchi wenyewe kwa moyo wao. Hatua elfu moja na mia tano. Usipokuwa umechimbwa kufikia sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mabomba yatapelekwa parokia nyingine. Ameambiwa kwamba zamani palikuwa na ujima hapa, na kwamba mwenye baragumu ni yeye.

Ilionò alikunywa kahawa yake mpaka chini.

“Binti yangu,” alisema, “mliuua ujima kwa vizibao vya njano, leo mnakuja kuniuliza umezikwa wapi.”

“Wakati ule mimi nilikuwa shule, baba.”

“Najua. Ndiyo maana umepewa kahawa.”

Angemfukuza kwa maneno mengine kama hayo, maana alikuwa nayo ya kutosha, aliyaweka akiba miaka sita. Lakini wakati huohuo Sidoni alikuwa anapanda kutoka korongoni na ndoo kichwani, goti limefungwa kitambaa. Kati ya mto na nyumba palikuwa na mawe ambayo wanawake hupumzikia. Zamani Sidoni alipumzika kwenye jiwe moja. Sasa alisimama kwenye yote manne, na kwenye la mwisho alikaa kitako, akifanya kama anaangalia mahindi ya jirani. Ilionò alimtazama mpaka aliposimama tena. Akamwambia Mirlande atapuliza Jumatatu.

Jumatatu walikuja watu kumi na wawili, na tayari hilo lilikuwa la kushangaza. Mirlande alikuwa amejiandaa kwa namna yake: ameunda kamati ya watu tisa, wametia saini, wamepiga picha. Mesidò, mpiga ngoma wa tangu zamani, ambaye Ilionò alimsimamia mtoto wake ubatizo na hivyo wakaitana konpè hadi uzeeni, aliweka ngoma chini akanusa hewa.

“Konpè, mbona sioni moshi?” aliuliza. “Mwenye mtaro ni nani?”

Mtu wa kamati akajibu kwamba mwenye mtaro ni kamati.

“Haya. Na kamati inapika nini?”

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kazi. Hapakuwa na mwenyeji wa kuwakaribisha, wa kuwabembeleza, wa kuona aibu wakienda zao. Mtu atamlimia nani? Waligonga gonga ardhi hadi jua lilipopanda, wakachimba hatua arobaini, kisha mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine mgonjwa wake. Saa nne walikuwa wamebaki Ilionò, Mesidò, na Mirlande aliyeshika karatasi yenye saini tisa.

Siku mbili Ilionò hakutoka nje ya ua. Sikukuu ilikuwa imebaki siku tisa. Alimwambia Sidoni kwamba watu wa siku hizi hawana haya, kwamba simu zimewala akili, kwamba afadhali mabomba yaende kwa wanaojua kuomba. Sidoni alikuwa anachambua mtama. Alimwacha amalize, kisha akasema kwamba katika zama za Ilionò mwenyewe, mtu aliyeita watu kwenye kazi isiyo na mwenyeji angepigwa mawe, na hilo halikuwa jambo la simu.

 Macho ya Ilionò yakaenda nyuma ya jiko, na ya Sidoni yakayafuata.

“Huyo ni wa matanga yako,” Sidoni alisema.

“Namjua ni wa nani.”

“Utazikwa kwa kahawa tupu, Ilionò. Watu wa kukesha wataondoka kabla ya mchezo wa pili wa domino.”

“Siku hiyo mimi sitakuwa na njaa.”

Hakulala vizuri, lakini asubuhi alimtuma Mesidò nyumba kwa nyumba na neno fupi: mtaro ni wa Ilionò Mondezi, na wenye majembe wanaalikwa kwake. Mesidò aliongeza la kwake, kwamba mwenye mtaro ana nguruwe, na nguruwe huyo amekwisha kuoshwa kwa maji ya ndimu. Bado alikuwa hai wakati huo, analalamika chini ya mshelisheli.

Walikuja arobaini na moja. Wengine walikuja kwa ajili ya nyama, na hakuna ubaya, hata zamani ilikuwa hivyo. Sidoni na wanawake watano walichochea moto chini ya sufuria tatu, Mesidò akakaza ngozi ya ngoma. Ilionò alipaswa kukaa karibu na chungu kama mwenye kazi yeyote, lakini manju mwingine hapakuwa, kwa hiyo siku hiyo alivunja sheria yake mwenyewe: akakaribisha na kuimba kwa kinywa kilekile. Sauti ilikuwa imechakaa. Ulimi haukuwa umechakaa. Alimtaja yule kijana aliyeuliza orodha, akamwambia leo jina lake limeandikwa kwenye utumbo wa nguruwe. Alizitaja saini tisa, moja moja. Mstari wa majembe ukawa unapanda na kushuka pamoja, na watoto waliozaliwa baada ya kimbunga wakapanda juu ya ukuta wa mawe kutazama kitu ambacho waliwahi kukisikia tu.

Mirlande alifika mchana, akatoa simu apige picha. Ilionò alimwona, akaimba kwamba bibi shamba ana kalamu nzuri, lakini kalamu haijawahi kutoa viazi ardhini. Mstari mzima ukaitikia. Msichana alitabasamu na kuinama kidogo, akidhani anasifiwa. Mwanamke mmoja mzee akachukua ile simu mkononi mwake, akaitia mfukoni mwa aproni, akampa jembe. Mirlande alichimba mpaka viganja vikatoa malengelenge. Hakuna aliyemwonea huruma, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima waliyompa.

Kazi ilikwenda siku tatu. Siku ya kwanza yaliliwa mapaja na mbavu, kwa ndimu na pilipili. Siku ya pili ilikuwa kichwa, miguu na utumbo kwa ndizi za kuchemsha. Siku ya tatu ilibaki supu, na watu wakaja na mashelisheli yao bila kuambiwa. Mtaro ulifika kigangoni siku nne kabla ya Mtakatifu Yohane.

Wakiwa wamekaa na mabakuli yao ya mwisho, mtu mmoja alisema kwa utani kwamba sasa mzee anadaiwa siku za watu arobaini na moja, na kwa umri wake atazilipa akiwa wapi. Ilionò aliweka bakuli chini.

“Fikirini vizuri,” alisema. “Maji yatapita kwangu peke yangu? Kila mtu hapa amechimba kwake. Mwenye shamba ni nyinyi wote. Mimi ndiye niliyewaimbia, na chungu nikaleta mimi. Nani anamdai mwenzake?”

Walibishana mpaka giza likaingia, kama watu wanaobishania ardhi. Mwisho Mesidò, ambaye hoja zote alizisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mfupa, alisema konpè ana haki.

“Basi ninawadai siku moja moja,” Ilionò alisema. “Nguruwe wa kuwaita sina tena. Mtakuja hivyohivyo.”

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alijua ni siku gani.

Maji yalifika. Shirika lilisimamisha kibao kigangoni chenye jina lake na majina ya wafadhili, na juu ya ujima hakikusema neno. Sidoni alikuwa anakinga ndoo hatua sitini kutoka mlangoni. Mwaka uliofuata Ilionò alipuliza baragumu kwa ajili ya mjane mwingine, wakaja watano. Hakushangaa, akaimba na hao watano.

Alikufa wakati wa Kwaresima, miaka mitatu baadaye. Ofisi ya Shirika ilikuwa imefungwa na Mirlande amehamishiwa kaskazini. Sidoni alimimina maharage kutoka kwenye jeneza, nusu akayarudisha ghalani, nusu akayabandika motoni, ili matanga yasiwe ya kahawa tupu. Kati ya wale arobaini na mmoja, wengine walikuwa wamekwenda Chile kutafuta kazi, wengine kukata miwa ng'ambo ya mpaka, wawili walikuwa wamemtangulia. Walikuja kumi na tisa. Hakuna aliyewaita, maana baragumu halikuwa na mtu wa kulipuliza. Walipanda mlima alfajiri, kila mmoja na jembe lake begani, na yule kijana wa orodha, ambaye sasa alikuwa na ndevu, alikuwa wa tatu kufika.

Wakajipanga mstari mmoja kwenye udongo mwekundu, mahali pa kuchimba kaburi lake. Mesidò aligonga ngoma, na kwa kuwa manju hapakuwa, akaimba mwenyewe kwa sauti yake mbaya. Aliimba kwamba Ilionò alikuwa mbishi, bahili wa kahawa, mpiga kelele wa kuwaamsha watu walio na usingizi mtamu, na kwamba leo amelala yeye wengine wakilima.

Aliyetajwa, kama ilivyo sheria, hakukasirika.