Vidole Viwili, Damu Moja

Ndugu yangu aliogopa sindano kuliko nyoka. Homa ilikuwa imezagaa kwenye vibanda vya shamba letu, na dresa, msaidizi wa daktari hospitalini, akaja na kisanduku cha vioo kupima damu ya kila mfanyakazi. Ndugu yangu alikuwa siku ya tatu kitandani, anatetemeka.

"Damu yangu haiendi Sisibo," aliniambia. Ndivyo tulivyoita Eldoret. "Huko wanainywa."

"Acha upuzi, wewe!" Lakini alikuwa kitindamimba wa mama, na mimi ndiye niliyemtoa kwetu kule chini karibu na ziwa, tuje kulima ngano ya mzungu. Nikamvua shingoni kipande chake, ile hati ya kazi yenye namba, pamoja na kibati cha kuihifadhia.

Dresa hakujua sura zetu. Alisoma namba ya kipande, akachoma kidole, akapaka tone kwenye kioo, akaita mwingine. Nilitoa kidole kwa kipande changu. Kisha nikazunguka ghala, nikavaa cha ndugu yangu, nikarudi mwisho wa mstari na kutoa kidole cha mkono wa pili. Sikuona ubaya. Tumetoka tumbo moja, damu ingetofautiana vipi?

Majibu yakarudi: sote wawili tuna malaria. Nilicheka, maana nilikuwa mzima kabisa.

"Usicheke," dresa akasema. "Ninyi wa kule kwenye mbu mnaweza kubeba vijidudu bila kuugua. Kioo kinaonyesha kilichomo tu. Hakisemi kama ndicho kinachokuumiza."

Kicheko kiliniisha, lakini sikumwambia kwamba matone yote mawili yalikuwa yangu. Ndugu yangu akapewa kwinini, na siku mbili baadaye homa ikashuka. Alikula ugali, akanitania kwamba vidole vyangu ni dawa. Nilifurahi, jamani! Wiki ilipokwisha homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza, na macho yakawa manjano.

Dresa alikuja, akachokoa nyufa za sakafu yetu kwa kijiti. Akatoa papasi, wale kupe wa sakafu ya udongo.

"Hawa wana homa yao, inaondoka na kurudi. Kwinini haiiwezi. Lakini kwenye damu yake sikuiona." Akanitazama. "Ile damu ilikuwa yake kweli?"

Kuchezea kipande kulikuwa kosa la kifungo. Nilikuwa mwoga, nasema wazi.

"Ni yake, bwana dresa."

"Basi hakuna haja ya kumchoma kidole tena," akasema, akaacha kwinini zaidi.

Kesho yake alfajiri nilishindwa kuvumilia. Nilikimbia hadi Sisibo, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, alibeba kisanduku chake tu na kunifuata mbio. Tulipofika, watu walikuwa wamesimama nje ya kibanda, wamevua kofia.

Karani wa shamba akadai kipande cha marehemu. Nilikivua mwenyewe shingoni mwake, nilikokuwa nimekirudisha. Ukingoni mwa kibati palikuwa na tone la damu limekauka. Yake haikuchukuliwa hata tone. Lile lilikuwa langu.