Kamera Isiyosikika

Kokuberwa aliamini kuwa kamera nzuri ni ile ambayo hakuna anayejua kama unayo. Zile kubwa, zenye lenzi kama chupa ya chai, humfanya mtu ajipange: anavuta tumbo ndani, anarekebisha kola, na kile ulichokiona kinakuwa kimeshakwenda. Yake ilienea kwenye mfuko wa sketi. Haikuwa na taa ya kumulika, wala haikuvuta vitu vya mbali, kwa hiyo ilimbidi asogee kwa miguu yake. Mlio alikuwa ameuzima.

Alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi moja huko Mwenge, mtu wa kuinamia mafaili na kuitikia kwa sauti ya chini. Jumamosi alizunguka kwa wachonga vinyago, au sokoni Temeke, akarudi na picha za viganja, visigino na migongo. Nyuso za watu aliziogopa.

Alipanga chumba Kinondoni kwa Bi Munira, ambaye yeye na mumewe walikuwa na duka la nafaka mbele ya nyumba. Alipofika kutoka Bukoba hakuwa na mtu, na Bi Munira akamchukua kama mwanawe, sawa na Wahiba, binti wa nyumba. Mzee alipofariki, Bi Munira akakaa eda. Wahiba akashika duka. Mama akawa wa ndani, haonekani na wanaume wasio wa nyumba. Kokuberwa aliyajua hayo vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwazuia wateja wa kiume wasipite uani.

Asubuhi moja Bi Munira alikuwa uani anachagua mchele, ungo mapajani, kichwa wazi, nywele zake za mvi amezifumua. Jua lilipenya kwenye matofali ya matundu likamwangukia shingoni. Kokuberwa alisimama mlangoni na kikombe cha chai, na kwa mkono mwingine akapiga picha. Bi Munira hakuinua macho.

Wiki ile, kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha, walikuwa wakibishana kuhusu kamera za mfukoni. Stephano, anayepiga harusi, akamtania: "Sista, hicho kidude si cha kupigia pasipoti?" Kokuberwa hakuwa mtu wa kujibizana. Aliituma ile picha bila neno lolote. Sifa zikamiminika, Stephano mwenyewe akasalimu amri, na siku nzima Kokuberwa akafanya kazi huku anatabasamu peke yake.

Picha ikasambaa. Ikamfikia Khalil, anayewaletea mchele dukani, naye akamwonyesha Wahiba akidhani atafurahi.

Wahiba hakugomba. Alisema tu, "Angekuwa mgeni ningemtukana, dada Koku. Wewe sijui nikufanyeje."

Kokuberwa aliifuta picha, akawaomba wote waifute, akijua kwamba imeshakwenda asikoweza kuifuata. Kisha akaenda kwa Bi Munira. Mlango ule aliuingia siku zote kama wa kwao. Safari hii alipiga hodi.

"Subiri," sauti ikasema.

Akasikia kabati likifunguliwa. Alipokaribishwa, alimkuta Bi Munira amejifunika ushungi mpaka kwenye paji la uso.

Alimwamkia, akazungumza huku anautazama mkeka. Hakumsingizia Stephano wala Khalil. Alisema alijua, na bado alifanya, kwa sababu ya ubishi wa kamera.

"Nimekusamehe, mwanangu," Bi Munira akasema, akamsogezea sahani ya tende.

Wakazungumza habari za mchele na mvua. Umeme ulikuwa umekatika na chumba kilifuka joto. Jasho lilimchuruzika Bi Munira mashavuni, akajipepea kwa kipande cha boksi. Kokuberwa alitaka kumwambia ajifunue, wako wawili tu. Hakuthubutu. Kila alipomtazama, mkono wa Bi Munira ulikwenda shingoni kuuvuta ushungi. Mwishowe akaacha kumtazama.