Darasa Lililosahauliwa Wima

Jumatatu niliitwa kushika darasa la mwalimu mgonjwa, sekondari moja ya mtaa wa Cato Manor. Mkuu wa shule akanionya mlangoni: "Wakipiga kelele, mama, sikuiti tena." Nikaingia kwa woga, nikiwaza mtoto niliyemwacha kwa jirani. Wanafunzi wote wakasimama, wakaniamkia. Nikaitikia, nikakaa, nikainamia daftari, nikaita majina bila kuinua kichwa. Kimya kabisa! Mkuu akachungulia dirishani. "Eish, mama! Hawa hawajawahi kutulia hivi. Kesho urudi."

Alipoondoka, msichana wa mbele akanong'ona: "Mam, sasa tunaweza kukaa?"

Wasomaji, msinicheke. Kumbe mwanafunzi hakai mpaka aambiwe, na woga ulinisahaulisha.

Kesho yake nilirudi. Niliwaambia wakae, ila sikuharakisha.