Hilkka na Mkaguzi wa Olimpiki

Kila baada ya miaka minne, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofunguliwa, Hilkka Moilanen aligeuza kiti chake akaipa televisheni kisogo. Hakuizima. Alitaka ijue kwamba amenuna.

Alikaa hivyo wiki mbili nzima akifuma soksi, uso ukutani, na mumewe Sulo ndiye aliyempa habari. Sulo alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha Kuusivaara, kijiji ambacho watu wake husalimiana kwa kuinua kidevu.

"Wanafanya nini sasa?" Hilkka aliuliza.

"Wanafagia."

"Barafu?"

"Mbele ya jiwe," Sulo alisema. Ulikuwa ule mchezo wa kutelezesha jiwe zito juu ya barafu hadi kwenye shabaha.

"Jiwe limeingia Olimpiki," Hilkka aliuambia ukuta, "na sisi tuko nje. Jiwe, Sulo! Linasukumwa, linafagiliwa njia kama bwana harusi, linafika. Halijui hata lilikotoka!"

Mchezo wake yeye ulikuwa mbio za ramani kwa skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji. Mshindani hupewa ramani pale pale anapoanzia, si mapema hata kidogo. Huifunga kwenye kibao kifuani, kisha huingia msituni peke yake, ambako vijia vimekatana juu ya theluji kama nyuzi za wavu. Avitafute vituo vilivyochorwa kwenye ramani, kwa mpangilio, njia achague mwenyewe, na muda unakwenda. Miguu inataka kukimbia, kichwa kinasema ngoja kwanza. Hilkka aliamini, na ni vigumu kumbishia, kwamba hakuna mchezo wenye haki kuliko huo. Kule ndani hakuna kocha wa kukupigia kelele, hakuna mwamuzi wa kukuonea, wala baba tajiri wa kukununulia njia. Kuna wewe, akili yako, na mti uliodhani ni mwingine.

Ujanani alikuwa bingwa wa nchi mara mbili. Mara ya pili gazeti la mkoa lilichapisha picha. Picha hiyo ingali inaning'inia jikoni kwake, juu ya birika la kahawa: miti kumi na minne, na nyuma ya mti wa tisa, ncha ya fimbo moja ya skii.

"Hiyo fimbo ni mimi," huwaambia wageni.

Kwa kazi, Hilkka alikuwa dereva wa greda la kuondoa theluji barabarani, mwaka wa thelathini na moja sasa. Siku za mapumziko alipanda pikipiki ya theluji akaenda kushindilia vijia vya mashindano, akachora ramani, akapanga vituo. Na kila majira ya kuchipua aliketi akawaandikia barua watu wa Olimpiki. Barua kumi na mbili zilijibiwa kwa shukrani. Ya kumi na tatu ikajibiwa kwa mtu. Mkaguzi atakuja Kuusivaara mwezi Februari, barua ilisema, kuona kama mchezo huu unafaa kutazamwa.

Reijo Keränen, mwenyekiti wa klabu, alikuja mbio bila kofia, jambo ambalo kwa baridi ile ni kama kuja bila kichwa.

"Hilkka, nimefikiri! Vituo vyote kumi na viwili tuviweke uwanja wa shule. Mkaguzi akae kwenye kiti, anywe kahawa yake, aone kila kitu."

"Uwanja wa shule? Hata ng'ombe wako angeumaliza bila ramani."

"Lakini ataonekana!"

"Wewe Reijo, ukitaka kuonekana panda juu ya paa la duka uvue suruali. Mimi napanga mashindano."

Hata hivyo, maneno ya Reijo yalimwingia. Hilkka alitaka mchezo wake uonekane kuliko mtu yeyote aliyepata kuvaa skii. Basi alizipinda njia kidogo ili washindani wote wapite mara tatu kwenye daraja la kijito, mahali pazuri kuliko pote msituni. Hapo akamchimbia mkaguzi kiti katika theluji, akatandika ngozi ya paa wa kaskazini, na asubuhi ya mashindano akaacha chupa ya kahawa ya moto. Tatizo lilikuwa moja tu. Daraja lilikuwa msituni, na msitu ulikuwa siri.

Tangu siku Hilkka anapoanza kushindilia vijia mpaka mshindani wa mwisho anapoondoka, hakuna mtu wa Kuusivaara anayeutaja msitu wa ng'ambo ya ziwa. Akiutaja, mshindani fulani anaweza kusikia akapata asichostahili. Mwaka mmoja mchungaji alimzika mzee aliyeishi humo maisha yake yote, akahubiri nusu saa bila kusema marehemu alikuwa akiishi wapi. Hakuna aliyeona ajabu. Mjane alimshukuru.

Mkaguzi akafika: Bi. Ursina Caduff, mwanamke mrefu wa milima ya Uswisi, koti jekundu, daftari mkononi. Alipanga kuondoka kwa ndege ya saa kumi na nusu jioni kutoka mjini, mwendo wa saa moja unusu kwa gari. Aliingia dukani, akamuuliza Lempi mwenye duka mahali pazuri pa kusimama.

"Kusimama kufanya nini?" Lempi aliuliza.

"Kutazama mashindano."

"Mashindano gani?" alisema Lempi, na nyuma yake ukutani palikuwa na matangazo manne ya mashindano.

Mchungaji alimwambia kwamba mengine tumwachie Mungu. Sulo, aliyekuwa amebeba kuni za kuchemshia supu, alitazama juu akasema, "Baridi leo."

Saa nne kamili mbio zikaanza. Kila baada ya dakika mbili mmoja aliitwa, akapewa ramani, akaitupia jicho, akateleza, miti ikammeza. Bi. Ursina aliandika. Kufikia mshindani wa ishirini alikuwa ameacha kuandika. Akamwendea Hilkka.

"Bi. Moilanen, hawa wanakwenda wapi?"

"Msituni."

"Msituni wapi?"

"Humo," Hilkka alisema, akiinua kidevu kuelekea nusu ya nchi.

"Mimi si mshindani, mama. Ni mkaguzi. Nionyeshe mahali nitakapowaona."

Hatua kumi kutoka pale, washindani ishirini na sita walikuwa wakisubiri zamu, masikio yamesimama kama ya sungura. Hilkka angenyoosha mkono tu, macho hamsini na mawili yangefuata kidole chake moja kwa moja hadi darajani.

"Nitakuonyesha wa mwisho akishaondoka."

"Saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Lakini wengine watakuwa wamekwisha kurudi!"

"Walio wazuri, ndiyo."

Bi. Ursina alifunga daftari. Sauti ya daftari lile kufungwa ilimfikia Reijo upande wa pili wa uwanja, akaja akamvuta Hilkka nyuma ya hema la supu.

"Mwambie! Miaka kumi na mitatu unaandika barua, leo mtu amekuja na miguu yake, unamficha daraja?"

"Usilitaje!"

"Neno moja tu, Hilkka. Neno moja na tumeingia."

Hilkka hakuwa mtu wa machozi, na kwenye baridi ile machozi ni hasara. Aliitaka Olimpiki. Aliitaka kwa ajili ya kila mtu aliyewahi kukimbia vizuri mahali pasipokuwa na macho, kwa ajili ya ile fimbo nyuma ya mti wa tisa. Akawatazama wale ishirini na sita. Baadhi yao walitoka mwendo wa saa tano kwa gari, wakiamini kwamba Kuusivaara hakuna anayejua zaidi ya mwenzake.

"Tukiingia kwa kuvujisha ramani, Reijo, tutakuwa tumeingiza nini?" alisema. "Jiwe jingine?"

Akamrudia mkaguzi.

"Unajua skii?"

"Nimezaliwa Uswisi!"

"Na ramani?"

"Nina simu."

Hilkka akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Sikiliza, dada. Mkaguzi hana haki ya ramani. Mshindani anayo. Sulo! Lete skii zako."

Basi Bi. Ursina Caduff akavishwa namba arobaini na saba kifuani. Simu yake iliwekwa kwenye kikapu cha mikate. Saa tano na dakika thelathini na nne akapewa ramani, akaitazama kwa makini sana, akaenda zake ameishika juu chini.

Hilkka aliona. Akauma ulimi. Kumsaidia mshindani ni marufuku.

Saa sita ikapita, na saba nayo. Washindani wote walirudi, wakanywa supu ya njegere, wakagombana kuhusu kituo cha tisa kama kawaida. Ilipofika saa nane, Reijo alikuwa amechimba handaki kwa kuzunguka-zunguka.

"Tumempoteza. Tumempoteza mtu wa Olimpiki! Wataandika kwamba mchezo wetu unakula watu."

"Ana ramani," alisema Sulo.

"Ameishika juu chini!"

"Ana ramani," Sulo alirudia, akaongeza kuni.

Hilkka alivaa skii. Hakuwa na haja ya kufuata nyayo. Anayepanga njia anajua watu watapotelea wapi kama mpishi anavyojua chungu gani kinaungua. Kati ya kituo cha sita na cha saba kuna vilima viwili vinavyofanana. Mtu anayejiamini kupita kiasi hushika kulia, hufurahia mteremko, na huishia kwenye kinamasi kilichoganda chenye misonobari mitatu mikavu. Washindani hupaita Ofisini kwa Reijo, kwa sababu mwenyekiti hufika hapo kila mwaka.

Na hapo ndipo alipomkuta. Nywele za Bi. Ursina zilikuwa nyeupe kwa barafu, mashavu mekundu kuliko koti, na ramani, sasa upande wake sahihi, ilikaribia kugusa pua. Hilkka akafungua kinywa.

"Usiniambie!" Kidole kikasimama hewani. "Neno lolote, usiseme. Wala usitazame kokote. Umetazama kushoto!"

"Nilitazama kunguru."

"Hakuna kunguru!"

"Dada, utachelewa uwanja wa ndege."

"Bado vituo sita."

Kanuni ilikuwa ya Hilkka mwenyewe. Akamfuata hatua ishirini nyuma, macho kwenye ncha za skii zake mwenyewe asije akadokeza kitu. Kuendesha greda katika dhoruba kulikuwa mchezo wa watoto. Kila njia panda moyo wake ulipiga kelele, kushoto, kushoto, mama wee! Na kila mara Bi. Ursina alisimama, akanung'unika kwa lugha ya kwao, akageuza ramani, akachagua. Mara tatu alikosea. Mara tatu aligundua mwenyewe, na alipogundua alicheka peke yake kwa sauti kubwa msituni.

Walipofika darajani alikiona kiti cha theluji, ngozi, na chupa ya kahawa iliyokwisha kupoa.

"Hapa ndipo ungeniweka?"

Hilkka alikaza macho kwenye skii. Mbio hazijaisha.

"Pazuri," alisema Bi. Ursina, akapita bila kuketi.

Aliingia uwanjani taa zikiwashwa, wa arobaini na saba kati ya arobaini na saba, saa nne na dakika tisa tangu aondoke. Kijiji kizima, kile kile ambacho asubuhi hakikujua lolote, kilikuwa kimesimama kinampigia makofi ya glavu nene, makofi yasiyo na mlio. Ndege aliikosa. Sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, ilikuwa tayari.

Jibu lilikuja Aprili. Mchezo huo, barua ilisema, haupendekezwi, kwa kuwa washindani hawaonekani kwa sehemu kubwa ya shindano.

Hilkka aliisoma akiwa amesimama, akaitupa mezani, akatoka na greda kusafisha barabara ambazo hazikuwa na theluji ya kusafishwa. Kidogo iliyokuwepo kijijini aliikusanya yote mbele ya lango la Reijo. Aliporudi, Sulo alikuwa amevaa miwani, ameigeuza barua upande wa nyuma, ambako palikuwa na mwandiko wa kalamu.

*Kati ya kituo cha sita na cha saba nilipaswa kushika kushoto, sivyo? Usiniambie! Niandikisheni mwakani, kundi la wanawake wenye zaidi ya miaka hamsini. Nitakuja na skii zangu. Ursina.*

Hilkka aliisoma mara tatu. Mara ya tatu aliketi.

"Kamati yao ina watu wangapi?" aliuliza Sulo.

"Kumi na watano, nadhani."

Sulo aliwaza, akavua miwani.

"Bado kumi na wanne," alisema, akaenda ghalani kuhesabu skii.