Nilivyomwamkia Mtani Wangu

Mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa Mnyamwezi, na mie Mzaramo. Hilo ulijue mwanzo, maana usipolijua utaniona mwanamke mbaya. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani toka kwa mababu huko. Namwambia neno ambalo mwingine akiambiwa watashikana mashati, naye ananirudishia kali kuliko langu, na hakuna wa kununa. Atakayenuna ndiye kashindwa.

Nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, njia ya kwendea Mbegani. Uhuru tulishaupata miaka kadhaa nyuma. Nna watoto wanne, baba yao alikwenda Tanga kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke. Kusoma sijui, ila kazi yenyewe haikutaka kusoma. Ilitaka mikono na pua ngumu.

Asubuhi tunaanza na mabeseni. Wasioweza kuinuka tunawaoshea kitandani, tunawalaza ubavu, tunawasugua mgongo kwa spiriti, tunapaka poda. Mtu wa kitandani usipomgeuza, ngozi inachubuka, kidonda kinaingia mpaka mfupani na yeye yu hai anakuangalia. Kisha mashuka. Kisha uji wa mtama, kijiko kwa kijiko. Kuna bibi mmoja alikuwa anameza kijiko, anakitemea kanga yangu, kisha ananiambia kwa sauti ya kuku anayetaka kutaga, "Eee-eee, kimenipita bahati mbaya." Kila siku bahati mbaya.

Mnyamwezi wangu miguu ilishamgomea. Alishuka pwani kijana, kabebeshwa mizigo ya vita ya Mjerumani, vita ikaisha yeye hakurudi kwao. Mke alikufa, mtoto hana. Mimi nikiingia na beseni, naanza toka mlangoni.

"Wee punda wa Unyamwezi, hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani huu uji, Mzalamo? Wewe utauacha uungue, ukimbilie ngoma."

"Geuka huko. Mgongo mzito kama bado una mzigo wa Mjerumani."

"Na wewe mikono laini! Kwenu jembe mnaliona kwa jilani."

Hapo keshageuka, keshaoshwa, kesharudishwa, na bakuli la uji limekwisha. Wengine kuwageuza inataka watu wawili na kelele. Huyu alikuwa anajisukuma mwenyewe, kwa hamu ya kunijibu.

Basi akaletwa Matroni mpya, Mchaga, katoka hospitali za kwao huko. Mwanamke safi, viatu vyeupe, maneno anayakata vipande kama mkate. Siku ya tatu akasimama mlangoni, akasikia yote. Akaniita ofisini.

"Mama. Umemwita mgonjwa punda."

"Ndiyo, Matroni."

"Na ukamuuliza. Mbona hajafa."

"Namuuliza kila siku."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Nikamweleza, huyu mtani wangu. Akasema, "Utani ni wa sokoni. Hapa ni mahali pa wagonjwa. Nikisikia tusi tena, hata moja, kazi huna." Akanitoa wodini, akanipeleka kwenye kufua. Nikatazama viatu vyake, nikafikiria watoto wanne, nikasema ahsante Matroni.

Kitanda cha dirishani akapewa kukihudumia mwenzangu mmoja, mtu wa mjini, wa nyumba za zamani, mjane. Adabu za Bagamoyo zote ziliishia kwake. Anaongea kama ana halua mdomoni. "Sabalkheri, babu yangu. Umeamkaje, mpenzi? Mwili wasemaje? Haya, niwie radhi nikuguse bega." Mtu akiguswa bega keshachoka kwa radhi.

Mie yule Mnyamwezi wangu sikumuaga. Niliogopa ulimi wangu mwenyewe. Siku ya pili nikapita chini ya dirisha na ndoo ya mashuka, akaniona, akangoja. Nami nikamwona Matroni yuko kibarazani. Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alinitazama mpaka nikapita, kisha akageukia ukuta.

Toka mchana ule hakula. Mwenzangu akaja kunililia kwenye mapipa ya maji. "Shoga, nimembembeleza kwa kila neno jema. Hata mdomo hafungui. Kugeuka hageuki, mzito kama gunia." Siku ya tatu hata maji anayamwaga. Mgongo umeanza kuwa mwekundu. Matroni akasema kesho gari la vyakula likija litampeleka hospitali kubwa Dar. Na wazee wetu wote walijua, kati ya waliopakiwa kwenye gari lile hatukuwahi kumwona aliyerudi.

Nikaingia kuchukua mashuka machafu, hilo nilikuwa naruhusiwa. Namkuta mzee wa kitanda cha pili, mvuvi wa zamani, kakumbatia kikopo cha ugoro cha Mnyamwezi. Kile kikopo Mnyamwezi alikuwa analala nacho chini ya shingo.

"Umemwibia?"

"Kanipa mwenyewe," akasema mvuvi, anasema kwa pua, nusu ugoro nusu maneno. "Blanketi kampa yule wa mlangoni. Kagawa vyote. Anasema anakwenda."

"Kasema nani anakwenda?"

"Si wewe? Ulipita hapo ukamwamkia shikamoo. Akaniambia, umeona? Mzalamo wangu kaniamkia. Wameambiwa na daktari nakufa, wananificha, ndiyo maana hanitukani. Toka hapo ni kuangalia ukuta."

Nilisimama na yale mashuka. Watu miaka yote wanasema ulimi wangu utamdhuru mtu, na siku niliyoufunga ndiyo karibu niue.

Matroni alikuwa pale pale kitandani kwa Mnyamwezi, kashika bakuli mwenyewe, kapiga goti sakafuni na viatu vyake vyeupe. Anasema, "Mzee. Tafadhali. Kijiko kimoja." Mzee kafumba macho. Mdomo umekauka, umepasuka kama tope la chumvi.

Mie nikaweka mashuka chini. Nilifikiri kwanza kumwita Matroni pembeni nimwombe ruhusa, ila nilijua atasema hapana, na akisha kusema hapana ningeogopa. Basi nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie:

"Hivi hili punda la Kinyamwezi linafia kitandani kama mke wa sultani? Nani atalichimbia kaburi, na mguu wake mrefu vile? Mie sichimbi!"

Matroni kageuza shingo taratibu. Nimeshaona kazi yangu inatoka mlangoni.

Mzee akafumbua jicho moja.

"Nani anayenuka nazi hapa?"

"Mie. Angalau nanuka. Wewe hata harufu huna, umekauka kama kapi la mpunga."

"Wewe kulichimba huwezi," akasema, sauti haijatoka sawasawa. "Mzalamo akishika jembe, jembe linakufa kabla ya maiti."

"Ndiyo nakwambia! Sasa ukifa leo utanitesa."

"Sifi leo. Lete huo uji, nione kama na kupika bado hujui."

Matroni akanipa bakuli. Mzee akala nusu, akapumzika, akamaliza. Na kila kijiko anakilaani. Baada ya hapo akanyoosha mkono kwa mvuvi arudishiwe ugoro wake. Mvuvi akakataa katakata: "Mali ya urithi hairudishwi!" Waligombana mpaka jioni, na jioni ile alijigeuza mwenyewe, kusudi amtukane vizuri.

Gari lilikuja kesho yake, likaondoka na matenga matupu.

Matroni akaniita ofisini. Nikavaa kanga nzuri, mtu akifukuzwa afukuzwe amependeza. Akasema, "Mama. Kwetu mzee hatukanwi."

"Kwetu pia, Matroni. Ila yule si mzee, yule mtani."

Akafunika kalamu yake. Kisha akasema, "Rudi wodini."

Sasa sikia. Mwezi uliofuata nilikwenda Mapinga kwenye msiba, siku mbili. Kurudi, nasikia zogo toka getini. Matroni kaona dawa inavyofanya kazi, naye akataka kuinywesha. Kaingia na uji, kajikaza, kasema, "Wewe. Punda. Fungua. Mdomo."

Mnyamwezi kaita wodi nzima kushuhudia. "Mama mtu mzima huyu, ananitukana! Mie babu yake! Mchaga na mie tumetaniana lini? Amefundishwa na nani?" Uji umepoa, Matroni kasimama na kijiko hewani, mwenzangu wa mjini anafuta machozi kwa aibu isiyo yake.

Mzee akaniona mlangoni. "Mzalamo, mwambie huyu mwanamke. Kwanza aniamkie."

Matroni akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa: ndiyo, mwamkie.

"Shikamoo, mzee."

Akamwacha asimame. Akatazama dari, akatazama dirisha, akajikuna kidevu. Kisha akasema marahaba, akafungua mdomo.