Kila Asubui Mama Anasalimia Ordinateur ya Yaya Marehemu

Admin wa hii page, unifiche jina muzuri, Likasi ni kadogo, bantu banajuana.

Minye mwenyewe ni binti wa miaka ishirini na moja, naikala na mama yangu, shiye babili tu. Natengeneza ma-téléphone na ma-ordinateur, kompyuta. Sikuisoma ku masomo, nilijifunza mwenyewe, kwa kubomola na kuangalia video. Yaya wangu, dada mukubwa, tumuite Nadège (si jina yake), alikuwa na secrétariat public: kameza, parasol, ordinateur moja na imprimante ya kuchapa, anaandikia bantu ma-CV na barua za kuomba kazi. Njo ku ile ordinateur nilijifunzia. Kuna siku nilimufutia système yote. Akalia, halafu akacheka: "Weye fundi ya kubomola! Ukifungula tena tumbo ya mashini yangu, nitafungula ya kwako!"

Mwaka jana Nadège aligonjwa, mbio mbio, akatukufia. Ordinateur ikabakia ku salon. Ukiiwasha, kafoto kake kanatokea mu duara, halafu inaandika: "Bienvenue, Nadège", ni kusema karibu. Mama hajue kusoma sana, lakini ile aliijua. Kila asubui, kama courant, umeme, iko, anaiwasha, anangojea ile neno, anajibu: "Eyo, mutoto wangu. Ulilala muzuri?" Akimaliza anafinya kibuton kwa nguvu, anaizima pale pale, ingali inaunguruma.

Nilimuambia: "Mama, hapana vile! Uifunge pole pole, utaua système."

Akanijibu: "Ukiifunga pole pole inaandika 'Arrêt en cours', kusema inajizima. Minye sitaki kusoma ile. Yeye aliniaga? Hakuniaga."

Niseme kweli, sababu hapa hamunijue: tangu yaya afe, mama hajaniuliza hata siku moja kama minye nililala muzuri. Ananipita, anaenda ku mashini.

Basi, hii juma mashini ikakatala. Écran, kioo yake, nyeusi, maneno nyeupe, kafoto hakuna, jina hakuna. Mama akaikala chini ku ciment: "Nilimukosea nini? Leo anakatala kuniitika." Hata bukari, ugali, hakugusa. Tantine, shangazi wetu, ule wa kanisa ya maombi, akafika akasema: "Njo muzuri! Mufu haandikwe ku écran. Mufute ile jina, mumuache aende." Mama akamufukuza na fagio mpaka inje, na tantine anakimbia anasema Haleluya.

Na minye, kinywa yangu ya mbio, nikasema: "Mama, usilie. Nitamurudisha." Sikusema nitaitengeneza. Nilisema nitamurudisha. Ile neno inanifwata mpaka sasa.

Trésor, rafiki yangu wa ku atelier, akanicheka: "Docteur, weka clé USB, formater, ufute yote, imeisha! Unaogopa nini?" Nikamuambia: ile disque haikatwe, iko partition moja tu. Système, ile inaamushaka mashini, na bintu bya yaya, byote binalala mu chumba kimoja. Ukiformater, umechoma nyumba na bantu ndani.

Donc leo, mama akiwa ku misa, nimeanza kazi. Nilijaribu réparation kwanza: bure, ile kufinya kibuton kila siku iliharibu système kabisa. Nikaamusha mashini na système ingine, ile inatembeaka ku clé USB bila kugusa disque, nikakopia mafoto na barua zake zote ku disque ya inje. Halafu nikakata disque yake mara mbili: C ya système, D ya bintu bya Nadège, ukuta katikati. Siku ingine C ikikufa, D itabakia. Barrage ya Koni, ile inatoaka courant, iko hapa karibu, lakini courant inaenda vile inapenda, na batterie ya hii mashini ilikufa zamani. Ikizimika katikati ya kukata, mambo inaharibika. Haikuzimika. Partition mbili zikatokea, safi! Nikapiga kelele peke yangu mu nyumba: "Yaya, angalia!"

Pale pale ventilateur, feni ya mashini, ikaongeza nguvu, kama muntu anavuta pumuzi. Najua ni ventilateur. Njo kazi yangu, najua! Lakini sikugeuka nyuma.

Installation ya système mupya imemalizika, sasa inaniuliza nani atatumia hii ordinateur. Kafasi keupe, kamustari kanawaka, kanazima, kanawaka. Njo pale nimekwama. Mafoto yake niko nayo yote, lakini ile "Bienvenue" haikuwa kitu ya kukopia. Ilikuwa mu système ya zamani, na ile imekufa. Nikiandika Nadège, kesho mama atasalimiwa, lakini itakuwa ni minye naongea mu kinywa ya mufu, kila asubui, na mama anajibu. Nikiandika jina yangu, atasoma jina ya mutoto mwenye iko muzima. Na sijue kama atasema eyo.

Tena kuko hii. Leo, mbele ya kutoka, mama alisimama ku mulango, anafunga kitambala ku kichwa, akaniambia bila kuniangalia: "Kama amechoka, umuambie arudie mara moja tu. Hii safari nitamuacha aandike ile ya mwisho, ile 'Arrêt'. Nitaisoma."

Sasa sijue: anaomba nimurudishe, ao anaomba nimuache aende?

Misa imetoka, nasikia bamama banapita ku barabara. Ndugu zangu, munishauri mbio, courant ingali iko: mu kale kafasi, niandike jina gani?