Nafasi Katika Gari la Adeer

Kiti cha gari kilichoachwa juani kina harufu yake: plastiki iliyopata moto, vumbi, na mafuta kidogo. Mwezi uliopita Hassan, mdogo wangu wa mwisho, aliponifungulia mlango wa gari alilonunua, harufu hiyo ilinijia puani nami nikaona wivu. Mnaweza kucheka. Mwanamke mzima, muuza maziwa ya ngamia anayejulikana soko zima la Garissa, nimesimama barabarani nikiona wivu wa siku moja ya zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la sita ili nikae na Hodan, aliyekuwa na miaka minane, na Hassan mwenye mitano. Tuliishi Waberi, katika nyumba ya mabati aliyotuachia mama, na mbuzi wachache. Maji, kuni na nguo chafu vilikuwa vyangu, wala sikulalamika. Ila sikuwa nimewahi kupanda gari kwa raha tu, pasipo mzigo wala mgonjwa.

Alasiri moja Adeer, ndugu yake baba, alifika kutoka Wajir na gari jeupe la kuazima. Alisema anataka kuwatembeza watoto: wavuke daraja la Tana hadi Madogo, warudi, kisha wazunguke nje ya mji mpaka njia ya Bour-Algi, ambako twiga husimama kando ya lami kama watu wanaongoja basi. Nilikimbia kunawa miguu. Nilipotoka nimevaa viatu vyangu vya Idi, Adeer aliviangalia viatu, kisha akaangalia pembeni.

"Wewe baki na mbuzi," akasema. "Wewe ni mkubwa."

Gari lilikuwa na nafasi. Niliona kwa macho yangu viti vitupu, na kingine kimekaliwa na furushi la nguo za watoto, ambazo Adeer alisema ni za kubadilisha wakichafuka. Furushi lilipewa kiti, mimi nikapewa mbuzi.

Niliwapeleka malishoni huku nimevaa viatu vile vile, kwa hasira. Kutoka juu ya kichuguu niliweza kuiona barabara inayozunguka ukingo wa mji. Baada ya muda mrefu lile gari jeupe likapita polepole, vioo vimefungwa. Nikadhani wanarudi nyumbani. Kumbe likageuka mbele kule, likapita tena. Mara mbili! Nililia mpaka mbuzi wakaacha kula wakanitazama.

Kwetu kibuyu hakitiwi maziwa kabla ya kufukizwa. Unachoma vijiti, unatia makaa ndani, unatikisa, unapangusa, ndipo maziwa yanapopata ile ladha ya moshi na kukaa bila kuharibika. Mama alinifundisha hivyo, na wadogo zangu walikuwa hawanywi maziwa mengine. Jioni ile niliyakamulia ndani ya kibuyu cha jana, sikukiosha wala kukifukiza. Nilifanya makusudi kabisa.

Walirudi kabla ya magharibi. Adeer aliweka furushi mlangoni, akakataa chai, akaniambia nifunge mlango vizuri. Macho ya watoto yalikuwa mekundu. Nikasema moyoni ni vumbi, na wakome. Hodan alianza kunieleza habari za twiga. Sikumsikiliza. Niliwamiminia vikombe.

Hassan alinusa. "Abaayo," akaniambia mimi dada yake, "haya hayana moshi."

"Basi kaombe ya twiga."

Alikunywa yote, akakinyoosha kikombe niongeze. Hodan naye akamaliza. Niliudhika zaidi, kwa sababu nilitaka walalamike.

Kwa miaka mingi, twiga wakitajwa nyumbani, mimi nilikuwa nakumbuka kazi nje.

Sasa mwezi uliopita Hassan akanikalisha kiti cha mbele, akasema leo ni zamu yangu. Tulivuka daraja, mto umejaa, una rangi ya chai ya maziwa, na upande wa Madogo akapunguza mwendo mbele ya geti moja la bluu.

"Hapa ndipo nilipotakiwa kushuka," akasema.

Akanieleza kama mtu anayesimulia habari za jirani. Jamaa wawili walikuwa wamekubaliana na Adeer: mmoja amchukue Hassan amlee, mwingine upande wa Modika amchukue Hodan, ili mimi nirudi shule. Niliachwa kwa kuwa Adeer alijua nisingekubali. Hassan aliung'ang'ania mlango wa gari hadi vidole vikavimba. Wakapelekwa Modika, Hodan naye akakataa kushuka. Adeer akawa anazunguka mji, akingoja wanyamaze. Walionyeshwa twiga ili wanyamaze. Hawakunyamaza. Mwishowe akageuza gari akawarudisha, akawaapisha wasiniambie.

Tukaendelea mpaka njia ya Bour-Algi. Kisha nikamwambia habari ya kibuyu, kwamba nilifanya makusudi.

"Tulijua," akasema. "Walaahi yalikuwa mabaya. Hodan alininong'oneza nimalize, tusije tukakukasirisha ukasema turudishwe kule."

Twiga walikuwepo, watatu, wakila miiba bila haraka. Hassan alisimamisha gari ili niwaone vizuri. Niligeuka nikatazama kiti cha nyuma, kilikuwa kitupu, nami kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwamba siku ile sikupewa nafasi: kama ningekuwemo, na Adeer akaniuliza mbele yao kama nataka kurudi shule, sijui ningejibu nini.

Nilikuwa na maziwa kwenye chupa, yaliyofukizwa. Nikammiminia yeye kwanza.